Chui wa Daftari Langu

Chini ya kitanda changu lipo sanduku la bati ambalo mke wangu amekwisha kusudia kulitupa mara tatu. Ndani yake mna madaftari ishirini na mawili yenye majalada magumu, mengine yameliwa na mchwa pembeni, na katika madaftari hayo imo kazi yangu yote ya ubwana mifugo tangu nilipopangiwa kituo cha kwanza wilayani Kondoa mwaka 1974 mpaka nilipostaafu. Kila mwisho wa mwezi nilichora safu kwa rula: ng'ombe waliozaliwa, waliokufa kwa ndigana, waliochanjwa, waliopelekwa mnadani. Mwisho kabisa, upande wa kulia, palikuwa na safu nyembamba ya mifugo walioliwa na wanyama wakali, nayo niliigawa sehemu tatu: fisi, simba, chui.

Mjukuu wangu wa kike anasomea wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoko Morogoro. Alipokuja likizo hivi karibuni aliniuliza, tukiwa tumekaa nje baada ya chakula cha jioni, "Babu, chui wa huku kwetu wameongezeka au wamepungua?" Nikamjibu, kwa majivuno ya mtu aliyeitumikia serikali miaka mingi, kwamba jibu limo sandukuni, kilichotakiwa ni kujumlisha tu. Basi tulijumlisha. Tulifanya kazi hiyo siku mbili, yeye akisoma, mimi nikimfafanulia mwandiko wangu, na jioni ya siku ya pili nilikuwa nimejua mambo mawili. La kwanza ni kwamba hesabu yangu haikuwa hesabu ya chui hata kidogo. La pili nitalieleza baadaye, maana si jambo jepesi kulisema mbele ya wasomaji, wala mbele ya familia yangu.

Ndugu wasomaji, wale waliokulia Ugogo wanaikumbuka tembe. Nyumba ile ndefu ya miti na udongo, yenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo vilevile, ilijengwa kuuzunguka ua. Ng'ombe walilala uani. Mbuzi, kondoo na ndama walilala ndani, ukuta kwa ukuta na watu. Mgeni aliyezoea nyumba za pwani alilalamikia harufu, moshi na viroboto, na alikuwa na haki. Lakini mbuzi aliyelala ndani ya tembe, mlango umezibwa kwa magogo, hakuwa chakula cha chui. Marehemu baba yangu, aliyefuga karibu na Mpwapwa, alinisimulia kwamba katika utoto wake walikuwa wakimsikia chui usiku mlimani, kwa sauti yake ile iliyo kama msumeno unaokata gogo kavu, na hapakuwa na mtu aliyeinuka kitandani. Wazee waligeukia upande wa pili wakalala.

Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakahamia katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zikapangwa kwa mistari, na miaka iliyofuata tukawafundisha wananchi nyumba bora, na kwamba haifai binadamu kulala pamoja na mnyama. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliohubiri hivyo, na sijutii, kwani sioni sababu ya mtoto kukua katikati ya viroboto. Mbuzi wakatolewa nje wakajengewa zizi la miiba. Sasa, zizi la miiba humchelewesha fisi, ambaye husukuma na kuchimba. Chui halimzuii. Yeye huruka, au hupita juu kwa tawi la mti ulio karibu, na akisha kuingia, mbuzi wakaanza kuhangaika wasipate pa kukimbilia, huua kuliko anavyoweza kula.

Katika madaftari ya 1974 hadi 1978 safu yangu ya chui inanenepa mwaka baada ya mwaka. Wakubwa wangu walizisoma tarakimu zile wakafahamu kwamba chui wanaongezeka. Nami nilifahamu hivyo. Ilinichukua nusu karne na maswali ya mtoto wa shule kutambua kwamba yawezekana chui walikuwa walewale, na kilichoongezeka ni mazizi ya miiba.

Isitoshe, si kila chui aliyeandikwa alikuwa chui. Wako vijana waliouza mbuzi wa baba zao mnadani kisha wakamsingizia chui, na katika mwaka wangu wa kwanza niliwaandika wote bila kuuliza. Baadaye nilijifunza kuomba kuonyeshwa mzoga. Chui hukamata koo. Utaona matundu ya meno shingoni, na mara nyingi manyoya yamenyofolewa na kutupwa kando kabla ya kula, kana kwamba mpishi amemwandaa kuku. Fisi hurarua tumbo na mapaja, havumilii adabu hiyo. Wayo nao husema: fisi huacha alama za kucha, chui hutembea amezificha. Nilipoanza kukagua hivyo, chui kadhaa waligeuka kuwa fisi, na wengine wakageuka kuwa vijana wenye baiskeli mpya.

Kisha ukaja mwaka 1979. Wasomaji wa Kondoa hawahitaji kuelezwa. Milima ya Irangi ilikuwa imechimbwa na mvua mpaka ardhi ikawa mekundu matupu, makorongo yenye kina cha nyumba mbili, mchanga ukishuka na kufunika mashamba ya bondeni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, ulikuwa umeanza mwaka 1973 kwa kuchimba makinga maji na kupanda miti, lakini ng'ombe na mbuzi walikuwa wakila kila kilichochipua. Ikaamuliwa mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nilisimama njiani na daftari langu nikiwahesabu wakipita kuteremka nchi za chini, makundi kwa makundi, vumbi likituziba macho. Mzee mmoja wa Kirangi aliniambia, bila hasira, "Bwana mifugo, leo unaandika mifugo ambayo hutaiandika tena." Sikuwa na jibu la kumpa.

Tazama basi daftari la mwaka 1980. Safu ya chui: sifuri. Mwaka 1981: sifuri. 1982, 1983, sifuri. Mtu akiisoma karatasi ile peke yake atasema chui wamekwisha Kondoa. Kumbe milimani mambo yalikuwa kinyume. Nyasi zilirudi kwanza, halafu vichaka, halafu miti michanga ya miombo ikachipua katika visiki vilivyodhaniwa vimekufa. Mahali penye kichaka pana digidigi, kwale na kanga. Penye majabali pana pimbi. Na penye hao, chui hana shida ya kumtafuta mbuzi wa mtu. Mwaka 1985, nikitembea asubuhi katika mchanga wa mto mkavu si mbali na Kolo, penye michoro ya kale ya miambani, niliuona wayo mpana wa mviringo usio na kucha. Nilichutama nikautazama muda mrefu. Sikuuandika, kwa sababu hapakuwa na safu yake. Safu yangu ilikuwa ya mifugo walioliwa, na hapakuwa na mfugo wa kuliwa.

Mjukuu wangu alipousikia mkasa huo aliacha kuandika akaniambia, "Babu, yaani walipotea daftarini wakati uleule walipokuwa wanarudi mlimani." Nikasema naam.

Mwaka 1986 nilihamishwa kwenda Dodoma Vijijini, katika kijiji kimoja chini ya milima ya Chenene, kaskazini ya mji. Ndiko nilikojenga na ndiko ninakoishi hata leo. Hapo ndipo lilipo lile jambo la pili.

Katika kiangazi cha mwaka 1988 chui aliingia katika zizi la mama mjane mmoja wa kijiji kile. Usiku wa kwanza aliua wanne. Baada ya siku mbili akarudi akaua watatu. Mama yule alikuwa na mbuzi kumi na mmoja tu duniani. Mbuzi wale walikuwa ndiyo sare za shule, ndiyo chumvi, ndiyo tiba, na kwa yule mkubwa wao ndiyo mahari ya binti aliyekuwa akitarajiwa kuja mwaka ule. Alikuja nyumbani kwangu alfajiri, akasimama mlangoni, akasema, "Mbukwa, bwana mifugo," kisha akanyamaza. Hakulia. Laiti angalilia ningepata la kufanya, ningemfariji. Alikaa kimya akinitazama kama mtu aliyekuja dukani na fedha zake mkononi akisubiri kuhudumiwa.

Nilijua sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974 ilimruhusu mtu kujilinda na kuilinda mali yake, lakini ilikataza sumu. Nilijua pia kwamba bwana nyama wa karibu alikuwa mbali, hana gari, na bunduki yake ilikuwa na risasi za kuhesabu. Nikafungua stoo ya dawa ya josho, nikammiminia chupa moja kijana wa jirani yake, nikamwambia maneno machache, nikafunga stoo.

Asubuhi ya tatu walikuja kuniita. Chui alikuwa amelala ubavu korongoni, hatua mia moja hivi kutoka kwenye mzoga, mdomo umejaa udongo kwa jinsi alivyokuwa ameuma ardhi. Watoto wa kijiji walikuwa wamesimama kwa mbali wakirusha vijiwe kuhakikisha. Nilipoinama nikaona alikuwa jike, na chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa. Baada ya siku mbili tuliwakuta tumbusi sita wamekufa kuzunguka mahali pale, na mbwa wawili wa balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi alikuwa mtu mwema. Aliwazika mbwa wake bila kuniuliza kitu. Watoto wa yule chui hatukuwaona. Wala hatukuwatafuta.

Daftari la 1988, mwezi wa Agosti, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mbuzi 7 wameliwa na chui. Chui 1 ameuawa kwa mikuki na wananchi." Mikuki haikuwapo. Mjukuu wangu alisoma sentensi hiyo kwa sauti akaendelea na ukurasa wa pili, nami nikamwambia arudi nyuma. Ndivyo alivyokuja kulijua jambo hilo, na mke wangu pia, ambaye alikuwa akipepeta uwele karibu yetu. Tumeoana miaka arobaini na tatu, nilikuwa sijamwambia. Aliweka ungo chini akasema, "Kumbe wale mbwa." Hakuongeza neno.

Baada ya mwaka ule safu ya chui katika kijiji chetu inasomeka "hakuna", "hakuna", "hakuna", kurasa nyingi. Niliwahi kupongezwa kwa hilo katika mkutano. Mashamba ya chini ya mlima yalianza kusumbuliwa sana na ngedere na nguruwe mwitu. Sisemi ni kwa sababu ya chui mmoja aliyekufa. Miaka ile ilikuwa na njaa zake, na vichaka vilikuwa vikifyekwa, na mnyama mwenye njaa huja shambani. Nasema tu kwamba akina mama waliokesha wakipiga madebe walikuwa walewale waliokuwa wamenishukuru.

Mwaka huohuo wa 1988, bila mimi kuwa na habari, wataalamu wawili walitoa hesabu yao ya chui wote wa Afrika kusini ya Sahara: zaidi ya 700,000. Mjukuu wangu ndiye aliyenieleza walivyofanya. Hawakwenda kuhesabu kila mahali, maana hakuna awezaye. Walichukua sehemu chache ambako chui walikuwa wamehesabiwa, wakalinganisha na kiasi cha mvua, kisha wakaipitisha kanuni hiyo juu ya ramani ya bara zima: mvua kiasi hiki, chui kiasi hiki. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sisi wa Dodoma, ambao mvua yetu kwa wastani haifiki hata milimita 600 kwa mwaka, na nyingine hutuangukia siku moja ikaenda zake, tunajua kwamba mvua si mbuzi wala digidigi. Penye mvua nyingi pana wakulima wengi pia. Wataalamu wengine waliipinga hesabu ile kwamba ni kubwa mno, kwa kuwa haikujali kama porini mna cha kula, wala kama watu wamewaua. Lakini sikuweza kuwacheka kwa muda mrefu. Wao walihesabu chui kwa mvua, mimi nilihesabu chui kwa mbuzi.

Na hesabu hizi si mchezo, kwa sababu juu yake watu huamua mambo. Katika miaka ya 1960 ngozi ya chui ilikuwa fahari ya mabibi wa Ulaya na Marekani. Mke wa Rais Kennedy alipigwa picha mwaka 1962 amevaa koti la ngozi hiyo, na baada ya hapo kila mwenye fedha akalitaka. Uwindaji wa kitalii nchini mwetu ulifungwa mwaka 1973 ukafunguliwa tena 1978. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyamapori, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979, umemweka chui katika daraja la ulinzi mkali, lakini huruhusu mgao wa nyara za wawindaji kila mwaka. Mgao wa Tanzania ulikuwa chui 60 mwaka 1983. Ukapanda kuwa 250, na tangu mwaka 2002 umekuwa 500. Simlaumu mtu. Nauliza tu, kama mzee aliyewahi kuandika mikuki isiyokuwapo, nani aliyeandika madaftari yaliyotumika.

Siku hizi wanayo njia iliyo bora. Hufunga kamera kwenye miti, mbili mbili, zikitazamana katika njia ya wanyama. Mnyama akipita, kamera hujipiga yenyewe, ubavu wa kulia na wa kushoto. Madoa ya chui ni kama alama ya kidole gumba ya binadamu. Hakuna wawili waliofanana. Kwa hiyo chui mmoja akipita mara kumi hujulikana kuwa ni mmoja. Utafiti wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2021 ulifanywa katika nchi ya Ruaha na Rungwa, kusini magharibi yetu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, penye mito na majani, walikuta karibu chui 7 katika kila kilomita za mraba 100. Katika eneo la jamii lililo jirani na hifadhi, wanne na kitu. Katika miombo ya Pori la Akiba la Rungwa, mkoani Singida, watatu na kitu. Mjukuu wangu alinionyesha jambo ambalo sikulitarajia: kwamba ardhi ya wanavijiji, ikitunzwa, haikuwa tupu, bali ilikuwa na chui kuliko miombo ya pori la akiba.

Duniani kwa jumla habari si njema. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chui wamebakiwa na kati ya robo na theluthi na ushee tu ya nchi walizokuwa wakiishi zamani, na mwaka huohuo wakahesabiwa rasmi miongoni mwa wanyama walio hatarini. Kule Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, chui wa Kiarabu amebaki katika milima ya Dhofar, na wa aina yake katika Uarabuni yote inasadikiwa hawafiki 200. Nilikuwa nikidhani chui hawezi kwisha. Simba tulijua atakwisha, maana hujionyesha. Faru tulimwona akiisha kwa macho yetu. Lakini chui anakula hata panzi na panya, analala kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba yako usimjue. Mnyama wa namna hiyo utamwishaje?

Jibu nilikuwa nimekwisha kuliona bila kulielewa. Mwaka 1986, kabla ya kuhamia Chenene, nilihudhuria semina Unguja, na siku ya mapumziko tukapelekwa katika jumba la makumbusho pale Mnazi Mmoja. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na chui aliyejazwa majani, mdogo kuliko chui wetu wa bara, madoa yake madogo madogo yaliyokaribiana, rangi imechujuka. Ni chui wa Unguja, aina iliyokuwa peke yake kisiwani. Wenyeji walisadiki kwamba wako chui wa kufugwa, wanaotumwa na wachawi kuwadhuru majirani, na katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, mganga mashuhuri aliyeitwa Kitanzi aliongoza msako wa uchawi kisiwani pamoja na kuwaua chui hao. Wawindaji wakaendelea miaka iliyofuata. Watafiti waliochunguza katika miaka ya 1990 hawakupata matumaini makubwa. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kamera ya watengenezaji wa filamu imemnasa mmoja, na mabishano yakaanza. Lakini mabishano si mnyama. Kijana aliyetuongoza siku ile alituambia kwamba wako watu wa shamba wanaodai bado huwasikia. Mimi nilikuwa nikisikiliza kwa sikio moja, maana chakula cha mchana kilikuwa kimechelewa.

Tangu wakati ule nchi yetu imebadilika kuliko daftari lolote linavyoweza kueleza. Mkoa wa Dodoma katika sensa ya 1967 ulikuwa na watu zaidi kidogo ya 700,000. Katika sensa ya 2022 walizidi milioni 3. Chama kiliamua mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu, na tangu mwaka 2016 serikali ilipohamia kwa kishindo, mji umekuja kwetu kwa miguu. Jiji linahitaji mkaa, na mkaa unateremka kutoka milimani kwa baiskeli na pikipiki kila alfajiri; nawasikia wakipita kabla ya adhana. Pale pimbi walipokuwa wakiota jua sasa ni machimbo ya kokoto. Ndiyo maana msimu uliopita wa mvua, niliposikia kwamba chui ameonekana tena kijijini, sikufurahi mara moja kama mjukuu wangu. Mnyama wa kujificha akionekana, huenda amezidi, na huenda pia hana tena pa kujificha. Kwa kumwona tu huwezi kujua ni lipi.

Aliyemwona ni kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilikwenda kuukagua mzoga kwa mazoea ya kazi: matundu shingoni, manyoya yamenyofolewa. Alikuwa amepoteza mbuzi watatu. Ni mjukuu wa yule mama mjane. Bibi yake alifariki miaka mingi iliyopita, lakini alikuwa amemsimulia, na siku ya pili alikuja nyumbani kwangu jioni. "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia. Akakaa. Tukazungumza habari za mvua, za alizeti, za bei ya zabibu. Kisha akasema, "Mzee, bibi alikuwa akisema wewe unayo dawa."

Nilimwambia kila kitu, kama nilivyowaambia ninyi: korongo, maziwa, tumbusi, mbwa wa balozi, na mikuki niliyoibuni. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza swali la haki kabisa: mbuzi wake atalipwa na nani? Nilimweleza kwamba tangu mwaka 2011 ziko kanuni za serikali za kifuta jasho na kifuta machozi, na kwamba nitamsaidia kujaza fomu. Akacheka kidogo. Nami, nikiwa mzee wa serikali, nilijua kwa nini anacheka.

Basi Jumamosi ile tulijenga. Mke wangu alitoa mabati yake mawili chakavu aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya jiko. Katika vijiji vilivyo jirani na Ruaha wafugaji wamesaidiwa kuzungushia mazizi yao wavu wa seng'enge, na mjukuu wangu alikuwa na picha zake katika simu. Sisi hatukuwa na wavu wa kutosha, tukatumia fito nene na udongo, tukalikata tawi la mgunga lililokuwa limeinama juu ya zizi, tukaezeka paa la bapa tukalifunika kwa udongo. Tulipomaliza nilisimama mbali nikalitazama banda lile. Ilikuwa tembe. Ndogo, imepinda upande mmoja, lakini tembe. Nilitoa mbuzi jike wawili katika mbuzi wangu nikampa. Mke wangu alichagua yule mwenye mimba, sikubisha.

Chui amepita mara mbili tangu siku hiyo. Wayo wake niliuona mimi mwenyewe umezunguka banda, ukasimama mlangoni, ukaondoka kuelekea korongoni. Mjukuu wangu ameniachia daftari jipya na kuniagiza niandike kila wayo, tarehe na mahali, hata kama hapana kilicholiwa, na nimeanza kufanya hivyo. Ila yule kijana, nilipomwuliza juzi kama ile chupa aliyokuwa amekwisha kuipata mjini ameitupa, aliniambia iko mahali pazuri, juu ya dari, watoto hawaifikii.